Jirani Aliyejua Lilipo Jiwe la Mpaka

Mtaani kwetu Turwa, mjini Tarime, hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa kwa wadogo walimwita Nesi, hata baada ya kustaafu, hata wapangaji wapya ambao hawakuwahi kumwona na sindano mkononi. Jina lake nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, siku mwenyekiti wa mtaa alipomwomba alitaje mbele ya watu, nikaona kama anatajwa mtu mwingine ambaye hayupo pale. Kwa hiyo hapa nitamwita vilevile.

Kwao sijui. Alipangiwa kazi Tarime akiwa msichana, akakaa. Ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Kwetu mbali," na ukimtazama uso ulijua usiulize tena. Kikurya alikijua kiasi: sukuma, pumua, tulia, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Mama yangu alikuwa akisema Nesi anajua Kikurya cha wodini tu, cha sokoni hakijui. Alimzalisha mama watoto wote, mimi nikiwa wa mwisho, na kila aliponikuta barabarani alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama fundi anayepita mbele ya kabati alilolitengeneza mwenyewe na kutaka kuona kama bado limesimama sawa.

Nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa yetu. Katikati palikuwa na ua wa minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe unaochoma macho, na ua huo ulipofika kwenye vyumba viwili alivyoongeza baba, jiko na chumba cha watoto, ulikoma, ukuta wetu ukawa ndio mpaka. Kati ya ukuta huo na dirisha la chumbani kwake palikuwa na nafasi ya mtu kupita na ndoo, si zaidi.

Kwa mambo ya mpaka alikuwa mkali kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mvua zilipoisha alitoka na panga, akapunguza minyaa upande wake, na baba akipunguza wa kwetu, na tawi lolote lililoangukia kwake alilirudisha juu ya ua bila neno. Kuku aliyepita chini ya ua alirudishwa akiwa amefungwa miguu. Ng'ombe wa mzee mmoja wa bondeni aliwahi kuingia akala maharage yake. Nesi alimfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akaingia ndani, akakaa. Mwenyewe alikuja jioni akifoka. Nesi alimsikiliza hadi akaishiwa maneno, akamwambia asalimie kwanza. Yule mzee, ambaye kwa umri hakuwa mdogo kwake, akajikuta anasalimia. Akapewa chai na mandazi, akapewa ng'ombe wake, akaondoka. Baadaye mke wake alipougua, Nesi ndiye aliyekuwa akishuka bondeni kila siku kumsafisha kidonda, na hakukubali kupewa hata sukari.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuja kwa watu, lakini watu hawakwenda kwake. Nyumba karibu zote za mtaa ule alizijua hadi chumbani, maana chumbani ndiko watu huzaliwa na ndiko huugulia, lakini yeye mwenyewe alikupokea sebuleni, kwenye kochi lenye kitambaa cha kufumwa, na mlango wa ndani ulikuwa umefungwa daima. Misibani alipika, akagawa, akaosha vyombo, halafu akaenda kula kwake. Nyama alinunua robo. Nyanya alinunua mbili, na muuza genge alikuwa ameacha kumshawishi achukue fungu.

Kichuri, ile nyama ya matumbo ya kwetu yenye uchungu wa nyongo, hakukipenda hata siku moja. Baba akichinja mbuzi alimpelekea bakuli kwa utani, akijua jibu. Nesi alisema dawa chungu anagawa hospitali, hawezi kuja kuila nyumbani. Baba alicheka kila mara kama amesikia leo tu.

Usemi wake mwingine ulikuwa, "Mimi sina haraka." Kaka yangu Marwa aliujua vizuri. Alipokuwa mdogo alipata homa, akaandikiwa sindano, akapanda juu ya paa la choo akakataa kushuka. Mama alitisha, akabembeleza, akachoka. Nesi alivuta kiti, akakaa chini pale na kitambaa chake cha kufuma, akasema ana nafasi, leo hana zamu. Aliendelea kufuma bila hata kumtazama. Jua lilipoanza kuwa kali Marwa akashuka mwenyewe, akilia, akageuka akampa tako. Alipomaliza Nesi alimpa peremende, akamwambia amejitahidi.

Wanawake wa mtaa walikuwa wakimwonea huruma kwa kukosa watoto, na kwetu huruma ya namna hiyo huja na ushauri. Walimweleza habari za nyumba ntobhu, ile desturi yetu ya mwanamke asiye na mtoto kumwoa msichana ili watoto watakaozaliwa wawe wake na waitwe kwa jina lake. Walikuwa wameshamtafutia na binti, wa Kerende, mwenye tabia nzuri. Nesi aliwapa chai. Aliwasikiliza wote kwa zamu. Mwisho akasema, "Nimeshazalisha wa kutosha," akawasindikiza hadi mlangoni. Walirudi wakicheka, wakisema mwanamke yule moyo wake ni jiwe, hahitaji mtu. Mimi nilikuwa msichana wakati huo, nikaamini. Nilimwona kama mtu aliyetosheka na nafsi yake, nikatamani kuwa hivyo nikiwa mkubwa.

Nikaja kuwa hivyo nilipokuwa mkubwa, tena bila kutaka. Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya kuugua muda mrefu, Marwa alishahamia Mwanza kwenye duka lake la vipuri, dada zetu wawili waliolewa huko Serengeti, na mimi, niliyeachika na kurudi nyumbani, nikabaki na nyumba nzima. Kila asubuhi nilikwenda Sirari mpakani, ambako nafanya kazi kwa wakala wa forodha, nikazungumza kutwa na madereva wa malori na Wakenya wa upande wa pili. Jioni nilirudi, nikafungua kufuli, nikawasha taa ya chumba kimoja. Tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, tukisalimiana juu ya minyaa.

"Shikamoo Nesi."

"Marahaba Bhoke. Umekula?"

"Nimekula."

Mara nyingi nilikuwa sijala, na nadhani alijua.

Marwa alipoamua nyumba iuzwe, hakuna aliyepinga. Dada zangu walisema ni sawa. Mimi kwa mila zetu sikuwa na la kusema sana, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kufungua kufuli lile. Mnunuzi akapatikana, mgeni kutoka mikoa ya huko kusini, aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu na akafanikiwa. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema nyumba ameipenda, lakini hatoi kitu mpaka kiwanja kipimwe upya na mipaka ionekane kwa macho. Alishawahi kununua ugomvi mahali pengine, hataki kununua mwingine.

Mpimaji alikuja asubuhi na ramani yake, chombo chake cha miguu mitatu na kijana wa kushika fimbo. Jiwe la kwanza la mpaka, ambalo wao huliita bikoni, walilikuta kando ya barabara chini ya majani. La pili, nyuma, kwenye migomba. Halafu wakawa wanapima na kupima tena, wananong'ona. Mwisho mpimaji alinijia akiwa na aibu kidogo, akauliza kama anaweza kuingia jikoni.

Alisimama karibu na mafiga ya mama, akatazama karatasi, akatazama sakafu. Akasema kwa ramani ile jiwe la tatu linatakiwa kuwa hapa, chini ya saruji. Jiko letu lote na chumba tulicholala utotoni vilikuwa ndani ya kiwanja cha Nesi.

Alinieleza kwamba mambo haya hutokea. Baba hakuwa mwizi wa ardhi. Alifuata ua wa minyaa, na ua ule, uliopandwa na watu wa kabla yake, ulikuwa umepinda kuelekea kwa jirani. Lakini mnunuzi aliposikia akasema hawezi kununua vyumba vilivyokaa kwenye ardhi ya mtu. Ama mwenye ardhi akubali, ramani irekebishwe, au vyumba vivunjwe.

Nilimpigia Marwa. Akauliza kama Nesi ameshajua. Nikamwambia hajaambiwa. Akasema nisimwambie, anakuja mwenyewe. Alipofika alikuwa na maneno yamepangwa tayari: Nesi amekaa kimya miaka yote hii, hakuwahi kulalamika, haki yake imekwisha. Na tena ni mama mzee, hana mtoto, hana wa kumrithi, kile kipande kitamfaa nini? Nilimwambia hayo asiyaseme mbele yake. Akasema yeye si mtoto tena.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao uani kwetu. Walikuja mnunuzi, mpimaji, na majirani wawili kama mashahidi. Nesi alikuja wa mwisho, na kitenge kilichopigwa pasi na raba zake nyeupe, amebeba kigoda chake mwenyewe ingawa viti vilikuwepo. Ndipo mwenyekiti alipomwomba jina kamili, akaandika. Mpimaji akaeleza. Nesi alimsikiliza bila kubadilika uso.

Marwa akaanza maneno yake. Alisema tumekuta hali hii, hakuna aliyeijua, si wazee wetu wala Nesi mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyejua, na muda umepita mwingi, ni vizuri tuchukulie ukuta uliopo ndio mpaka. Aliongea vizuri. Wale majirani walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

Mwenyekiti akamgeukia Nesi, akamuuliza ana lipi.

"Nilijua," alisema Nesi.

Mwenyekiti akauliza alijua lini.

"Siku msingi unachimbwa. Nilipouziwa kiwanja nilionyeshwa mawe yote. Lile liko chini ya jiko lao, kushoto ukiingia."

Mpimaji akatikisa kichwa kukubali. Marwa alisema haiwezekani, mtu ajue kisha anyamaze. Nesi alimwambia mwenyekiti kwamba yeye havunji nyumba ya mtu, wala hataki malipo, na kama ni kusaini atasaini. Ila kuna jambo moja.

"Huyu amesema mbele yenu kwamba sikujua. Mimi si mjinga. Aseme kwamba ni kwangu. Akishasema, nitawapa."

Ilikuwa jambo dogo, na lilikuwa gumu. Kwetu mwanamume haambiwi na mwanamke mbele ya wanaume wenzake nini cha kusema. Mnunuzi alikuwa anatazama saa yake. Mzee mmoja wa wale mashahidi alikohoa, akasema kwa upole, "Sema, mura. Si ni kweli?" Marwa akatazama jikoni, akatazama chini. Nesi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, hana haraka.

"Ni kwako, mama," alisema Marwa.

"Mimi ni Nesi."

"Ni kwako, Nesi."

"Haya. Nimewapa."

Akaomba kalamu. Kabla ya kusaini alimgeukia yule mnunuzi, akamuuliza kama ana watoto. Mnunuzi akasema anao wanne, wako na mama yao nyumbani, watakuja shule zikifungwa. Nesi akauliza wana umri gani. Akajibiwa. Akasaini.

Jioni ile Marwa alirudi Mwanza. Mimi nilikwenda kwa Nesi kumshukuru, na kwa mara ya kwanza aliufungua mlango wa ndani. Labda ni kwa sababu nilifika akiwa anapika na hakutaka mboga iungue. Nilimfuata hadi jikoni kwake, na nikapita mbele ya chumba chake. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, chini ya dirisha linalotazama kwetu.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Aliendelea kukoroga mboga.

Alisema siku ile alitoka zamu asubuhi, akakuta kamba za mafundi zimeingia kwake. Alikasirika. Hakubadilisha hata nguo, alivuka vilevile na sare aje kumwambia baba arudishe msingi. Alipofika uani hakukuta mtu, wote tulikuwa ndani tunakunywa uji, na mama alikuwa akimwiga Marwa anavyolia, na sote tunacheka, na baba anacheka. Akasimama pale. Halafu akarudi kwake.

"Nyumba yangu ilikuwa kimya sana, Bhoke. Nikasema, waache wasogee."

Alisema alitusikia tukigombania blanketi. Alisikia mama akisali. Alijua nani ana kikohozi kabla mama hajaja kumgongea. Marwa alipokuwa anajifunza kusoma kwa sauti, na yeye alikuwa amelala upande wa pili anamsahihisha kimoyomoyo. Kisha tukaanza kuondoka mmoja mmoja, na sauti zikapungua, ikabaki yangu.

"Na wewe huongei," alisema. "Unaingia, unafunga mlango, basi."

Alinipa sahani, tukala pale jikoni tukiwa tumesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kila mmoja alimwachia mwenzake.

Ofisi ya ardhi ilichukua muda wake, ramani ikarekebishwa, nyumba ikauzwa. Nilihamia Sirari, chumba cha kupanga karibu na kazi. Nilimwahidi Nesi kwamba nitakuwa nakuja. Kutoka Sirari hadi Tarime mjini si mbali, watu huenda na kurudi kwa siku, lakini mimi nilikuwa na malori, na foleni, na uchovu, na ile hali ya mtu kuona haya kwa kuchelewa, ambayo humfanya achelewe zaidi. Zikapita mvua za vuli, zikapita za masika.

Nilikwenda siku moja ya mapumziko bila kupanga. Nilishuka stendi nikatembea. Pale kwetu nilikuta geti la chuma limefungwa. Minyaa yote ilikuwa imekatwa, na mahali pake pamejengwa ukuta wa matofali mrefu kuliko mtu, umenyooka kabisa, ukifuata mpaka mpya. Watoto wa mnunuzi hawakuwahi kuja. Mama yao hakutaka kuacha kwao. Nyumba ilikuwa stoo ya mashine na mipira ya maji ya machimboni, na mlinzi alikuwa akilala kwenye kibanda cha getini, mbali kule mbele.

Nesi nilimkuta anaanua nguo. Alikuwa amepungua, na raba zake nyeupe amezivaa kama ndara, visigino nje. Alinikagua juu hadi chini. Akasema nimekonda. Hakuuliza nilikuwa wapi, wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Tulikaa nje. Alinipa habari za mtaa, nani kazaa, nani kafa. Aliniuliza kama Marwa bado ana hasira naye. Nikamwambia Marwa humuulizia kila anaponipigia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akasema Marwa ni mtu mzuri, ila alichelewa kutembea. Nilimuuliza yeye anaendeleaje. Akasema presha inashuka na kupanda, macho yanapungua, lakini usingizi ndio hamna. Nikamuuliza kwa nini usingizi hamna. Alikunja shuka, akalikunja tena.

"Hakuna kelele," alisema.

Nilikaa hadi jua likaanza kushuka upande wa migomba. Nilipoaga alichukua fimbo yake, akasema ananisogeza kidogo. Tulitembea taratibu, tukipumzika njiani, hadi kijiweni kwa bodaboda. Vijana wa pale walimsalimia wote kwa pamoja, na yeye akamchagua mmoja, akamwonya asinikimbize. Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi. Nikaona lazima niseme kitu cha kumtia moyo, nikamwambia kwamba Jumapili ijayo nitakuja, nitashinda naye, nitapika.

Akaniminya mkono kidogo, kama alivyokuwa akiwaminya wagonjwa anapotaka watulie.

"Usinitajie siku," alisema. "Ukinitajia siku nitakaa nakungoja. Wewe njoo tu."

Yule kijana akawasha pikipiki. Nikapanda.